Mkanda wa jeshi: chanjo ipo, wazee hawafikiwi

Septemba 2013 Uingereza ilianza kuwachanja wazee bure dhidi ya mkanda wa jeshi. Mwaka ule wa kwanza karibu asilimia 62 ya wenye miaka 70 walichanjwa, na kwa ugonjwa ambao watu hawaupi uzito mpaka uwakute, huo ulikuwa mwanzo wa kutia moyo. Mwaka uliofuata ikawa asilimia 59, kisha 55, kisha 48, na kufikia 2017/18 ilikuwa kama 44. Chanjo ilikuwa ileile, na bado ilikuwa bure. Hapakuwa na uvumi mkubwa wa kuwatisha watu wala kashfa ya kuwapotezea imani. Anayetaka kulaumu ukaidi wa wazee hapati ushahidi hapa.

Nimeanza na takwimu hizo kwa sababu mjadala wa chanjo za watu wazima hukimbilia upesi mno kwenye elimu kwa umma. Tunadhani mzee hajachanjwa kwa kuwa hajaelewa, basi tunachapisha vipeperushi na kusubiri. Ukiangalia nchi ambazo chanjo hii imekuwapo kwa miaka mingi, unaona kwamba wengi wa wasiochanjwa hawakukataa kitu. Hawakuambiwa, au waliambiwa umri wao haujafika, au walifika dirishani wakatajiwa bei.

Tuutazame kwanza ugonjwa wenyewe, maana hata wanaoujua kwa jina huuelewa nusunusu. Mtu haambukizwi mkanda wa jeshi na mwenzake. Anao tayari mwilini. Virusi vilivyompa tetekuwanga utotoni haviondoki akipona. Hujificha kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo na ndani ya fuvu, vikizuiwa na kinga ya mwili kwa miaka hamsini au sitini. Kinga ikilegea kwa uzee, kwa maradhi au kwa dawa zinazoishusha, vinaamka na kuufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana malengelenge hukaa upande mmoja tu, yakazunguka kutoka mgongoni hadi kifuani au tumboni na kukomea katikati. Asiyewahi kuugua tetekuwanga akigusa majimaji yake anaweza kupata tetekuwanga, lakini hapati mkanda wa jeshi.

Uhusiano wa ugonjwa huu na umri ulielezwa vizuri na daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, Edgar Hope-Simpson. Hakutegemea maabara kubwa. Alitegemea kumbukumbu za wagonjwa wake, aliowafuatilia kwa miaka 16. Mwaka 1965 alichapisha hoja kwamba virusi hulala mwilini vikisubiri kinga ishuke, na kwamba kadiri mtu anavyozeeka ndivyo hatari inavyopanda. Hoja hiyo ndiyo msingi wa chanjo: kinga inayoshuka inaweza kuinuliwa tena kabla virusi havijaamka.

CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inakadiria kwamba mtu mmoja kati ya watatu nchini humo ataugua mkanda wa jeshi maishani mwake. Vipele hukauka kwa wiki mbili hadi nne. Kinachotisha ni maumivu yanayobaki baada ya ngozi kupona, ambayo huwapata kati ya asilimia 10 na 18 ya wagonjwa, na wazee zaidi kuliko vijana. Mshipa uliojeruhiwa husoma vibaya kila mguso. Shati jepesi la pamba likipita ubavuni mzee anaruka kama ameguswa na kaa la moto. Usiku shuka halivumiliki. Wapo wanaoshinda chumbani kifua wazi, hawawezi kupokea mgeni wala kwenda msikitini au kanisani. Dawa za kawaida za maumivu mara nyingi hazifui dafu, na zile zinazotuliza mishipa ya fahamu huleta kizunguzungu, na kizunguzungu kwa mtu wa miaka 78 maana yake ni kuanguka na kuvunjika nyonga. Virusi vikifuata mshipa wa paji la uso, jicho nalo liko hatarini. Huu si upele wa kupaka dawa ukaisha.

Na kinga imepatikana. Chanjo ya kwanza, Zostavax, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 baada ya jaribio lililohusisha watu zaidi ya 38,000 wenye miaka 60 na kuendelea. Ilipunguza ugonjwa kwa takriban nusu, na maumivu ya kudumu kwa theluthi mbili. Ilikuwa na virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo wenye kinga iliyoshuka sana, ambao ndio wanaoihitaji zaidi, hawakuruhusiwa kuitumia. Mwaka 2017 ikaja Shingrix, ambayo haina virusi hai. Ina protini moja ya ganda la virusi pamoja na kichocheo cha kinga kiitwacho AS01, ambacho sehemu yake hutokana na magome ya mti wa kwilaya wa Chile. Katika majaribio makubwa iliwakinga zaidi ya asilimia 90 ya wenye miaka 50 na kuendelea, na hata wenye miaka 70 na zaidi walikingwa karibu kwa kiwango hicho. Kichocheo cha jamii hiyohiyo ndicho kilichomo kwenye RTS,S, chanjo ya malaria ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto kule Homa Bay Septemba 2019. Wazee wa London na wajukuu wa Homa Bay wanaamshwa kinga kwa njia ile ile, na ingefaa mama aliyempeleka mwanawe kuchanjwa alijue hilo siku atakapoulizwa kuhusu chanjo ya mama yake.

Sasa tuone kilichotokea Uingereza. Mwaka ule wa kwanza waliostahili ni wenye miaka 70 na wenye miaka 79, umri ukihesabiwa kwa tarehe 1 Septemba. Chukua wazee watatu wanaokaa mtaa mmoja. Wa miaka 70 anachanjwa, wa miaka 79 anachanjwa, wa miaka 74 aliyekaa katikati yao anaambiwa asubiri. Aliyetimiza miaka 70 mwezi wa Oktoba anasubiri mpaka Septemba ya mwaka unaofuata. Aliyetimiza miaka 80 amekosa moja kwa moja. Nesi kwenye kliniki hakuweza kumjibu mzee kwa sentensi moja. Alihitaji jedwali la tarehe za kuzaliwa. Kazi ikiwa nyingi na foleni ndefu, jambo linalohitaji jedwali huachwa. Na mzee aliyeuliza mara moja akaambiwa "bado" hakurudi kuuliza mwaka uliofuata. Aprili 2017 sheria ilibadilishwa ili mtu astahili siku anayotimiza umri, na hilo lilikuwa jambo la busara ingawa lilichelewa.

Kanuni hizo hazikutungwa kwa ujinga. Kamati ya wataalamu wa chanjo ilipiga hesabu za gharama na manufaa: chanjo ya zamani ilififia kwa miaka, ilisaidia kidogo waliopita 80, na dozi hazikutosha kuwachanja watu wa umri wote kwa mara moja. Mchumi angeipitisha hesabu hiyo. Lakini kila mstari unaochorwa kwenye meza ya hesabu unamgusa mtu kwenye meza ya mapokezi, na gharama ya mkanganyiko haikuhesabiwa. Septemba 2023 Uingereza ilihamia Shingrix na kushusha umri hadi miaka 65, hatua nzuri sana, lakini wenye miaka 66 hadi 69 wakaambiwa wasubiri mpaka 70. Naelewa kwa nini. Naona pia hatari ile ile ikirudi, na sioni dawa yake nyingine isipokuwa kliniki kuacha kumsubiri mzee akumbuke. Kompyuta ya kliniki inajua tarehe yake ya kuzaliwa. Imwite yenyewe, kwa barua au ujumbe wa simu, na asipojitokeza imwite tena. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa watafiti wa Cochrane mwaka 2018 yalionyesha kwamba kuwakumbusha watu na kuwaita tena huinua uchanjaji kwa wastani wa pointi 8 za asilimia. Namba hiyo si ya kushangaza, lakini katika nchi yenye mamilioni ya wazee ni watu wengi wanaoepushwa na maumivu.

Marekani kikwazo kilikuwa fedha, na fedha yenyewe ilikuwa imewekwa mfuko usio wake. Bima ya wazee ya serikali, Medicare, ina sehemu kadhaa. Chanjo ya mafua ilikuwa kwenye Sehemu B, ile inayolipia huduma za daktari, kwa hiyo mzee aliipata palepale bila kutoa senti. Chanjo ya mkanda wa jeshi ikawekwa Sehemu D, ya dawa za kununua dukani. Ofisi nyingi za madaktari hazikuwa na njia rahisi ya kudai malipo kutoka huko, kwa hiyo daktari alimwelekeza mzee kwenye duka la dawa. Pale kaunta ndipo alipoambiwa mchango wake, ambao ulitofautiana kutoka bima moja hadi nyingine, na kwa Shingrix ulikuwa wa kulipwa mara mbili kwa kuwa dozi zake ni mbili. Wengi waliishia hapo. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2022 iliufuta mchango huo kuanzia Januari 1, 2023.

Kufuta bei ni jambo kubwa, ila halirekebishi yaliyotangulia. Mwaka 2018, asilimia 34.5 ya Wamarekani wenye miaka 60 na zaidi walisema wamewahi kuchanjwa. Kwa Wazungu ilikuwa 38.6, kwa Weusi 18.8 na kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini 19.5. Pengo la nusu nzima haliwezi kuelezwa kwa tabia za watu. Linaonyesha nani ana daktari wa kudumu, nani anaishi karibu na duka la dawa lenye friji ya chanjo, na nani amewahi kutendewa vibaya hospitalini akakoma kuuliza maswali. Tena mzee aliyetajiwa bei mwaka 2019 hana sababu ya kujua kwamba bei hiyo haipo. Lazima atafutwe na kuambiwa.

Hapo ndipo sauti ya mhudumu inapokuwa na nguvu kuliko tangazo lolote. Katika tafiti nyingi za chanjo za watu wazima, pendekezo la daktari au nesi ni miongoni mwa mambo yanayoamua zaidi. Linategemea linavyotamkwa. "Mzee, kuna chanjo nyingine pia, ukiitaka utatuambia" ni maneno ya kumwachia mzigo mtu ambaye hajui anachoambiwa. "Mama, leo tunakuchanja ya mafua mkono huu, na ya mkanda wa jeshi mkono ule, una swali lolote?" ni maneno ya mtu anayeamini anachokitoa, na bado mlango wa kukataa uko wazi. Maswali yatakuja, na mengi yana majibu mafupi. Anayesema hajawahi kuugua tetekuwanga ajue kwamba, kwa makadirio ya CDC, zaidi ya asilimia 99 ya Wamarekani waliozaliwa kabla ya 1980 wameambukizwa, wakumbuke wasikumbuke. Aliyeshaugua mkanda wa jeshi bado anachanjwa, kwa sababu unaweza kurudi.

Dozi ya pili inahitaji kushughulikiwa kwa uangalifu wake wenyewe. Nchini Marekani hutolewa miezi miwili hadi sita baada ya ya kwanza. Uingereza, kwa wazee wasio na tatizo la kinga, miezi sita hadi kumi na miwili. Shingrix inauma. Mkono huvimba, mwili huchoka, mtu hutetemeka kwa homa, na mmoja kati ya sita hushindwa kufanya shughuli zake za kawaida kwa siku mbili tatu. Mzee aliyechanjwa Ijumaa asubuhi bila kuonywa, akalala Jumamosi nzima akitetemeka, atadhani amedhuriwa, atawasimulia wenzake, na hatarudi. Aliyeonywa atasema tu kwamba imekuwa kama alivyoambiwa. Mhudumu mwaminifu humwambia ukweli huo kabla ya sindano, humshauri asichague siku ya kuamkia harusi ya mjukuu, na humwandikia tarehe ya dozi ya pili kabla hajainuka kitini. Kuficha maudhi ili kuvuta watu kwenye dozi ya kwanza ni kuiua ya pili.

Kuna habari mpya inayoweza kubadili hamu ya watu. Wales, katika mpango ule wa 2013, waliozaliwa kuanzia Septemba 2, 1933 walistahili chanjo, na waliozaliwa siku chache kabla hawakustahili kamwe. Watafiti wakiongozwa na Pascal Geldsetzer wa Chuo Kikuu cha Stanford waliona kwamba ule mstari usio na huruma ulikuwa umewagawa watu kama jaribio la kisayansi: makundi mawili yanayotofautiana kwa wiki moja ya kuzaliwa, moja likiwa limechanjwa karibu nusu yake na jingine karibu hakuna. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2025, yalionyesha kwamba waliochanjwa walipata ugonjwa wa kusahau kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 20 katika miaka saba, na wanawake walinufaika zaidi. Ni kweli kwamba wazee wengi wanaogopa kuwasahau watoto wao kuliko wanavyoogopa vipele. Hata hivyo ningemsihi mhudumu asiiuze chanjo hii kama dawa ya kusahau. Utafiti ulihusu chanjo ya zamani, na namna inavyofanya kazi kwenye ubongo bado inachunguzwa. Sababu iliyothibitishwa, yaani kuepuka maumivu, inatosha kabisa kumfanya mtu akunje mkono wa shati.

Wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Leicester, London, Minneapolis au Toronto wana wazazi wanaozeekea huko. Wengi wa wazazi hao husomewa barua za kliniki na watoto wao, na barua ya chanjo ya hiari huwekwa chini ya ile ya kipimo cha kisukari. Uingereza uchanjaji umekuwa wa chini zaidi London, kwenye maeneo maskini na miongoni mwa jamii ndogo za wahamiaji. Kijana anayempeleka baba yake kupima presha anaweza kuuliza swali moja la ziada siku hiyohiyo.

Kwetu Afrika Mashariki hali ni nyingine. Chanjo hii haimo kwenye ratiba za kitaifa za Tanzania wala Kenya, na haimo kati ya zile zinazogharimiwa na Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ambazo mkanda wa jeshi ni tatizo kubwa la afya ya jamii zifikirie kuwapa dozi mbili wazee na watu wenye kinga dhaifu. Kabla ya kufika huko kuna kazi ambayo haingoji chanjo. Kwanza ni tiba ya mapema: vidonge vya aciclovir husaidia zaidi vikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, na mzee anayesubiri wiki nzima kwa dawa za kienyeji anakuwa amepitwa na muda wake bora. Imani iliyoenea kwamba miisho miwili ya mkanda ikikutana mtu hufa nayo humpotezea muda, kwa sababu anayeona haijakutana hujiambia yuko salama.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Kinshasa na Kigali waliona mkanda wa jeshi ukiwashika vijana wengi waliokuwa na VVU, na hadi leo ugonjwa huu umo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dalili za hatua ya pili ya maambukizi. Ni maarifa yaliyookoa watu, kwa sababu kijana mwenye vipele hivyo hushauriwa kupima. Lakini yameacha doa. Bibi wa miaka 72 aliyepata mkanda wa jeshi kwa uzee tu hujifunika kanga na kunyamaza, kwa hofu ya macho ya majirani.

Doa hilo litaamua hatima ya chanjo siku itakapofika. Kwa hesabu za kitaalamu, pa kuanzia panaonekana wazi: kliniki za CTC, ambako watu wanaoishi na VVU hufika kwa ratiba, wana mafaili, na hatari yao ni kubwa. Wanastahili, na haifai kuwachelewesha. Lakini chanjo ikionekana CTC peke yake kwa mwaka mmoja, itapewa jina mitaani, na wazee hawataigusa tena. Ifunguliwe siku hiyohiyo kwenye dirisha la wazee, lile ambalo hospitali za Tanzania zimelitenga kwa wenye miaka 60 na zaidi, na kwenye kliniki za kisukari na presha ambako wazee wamezoea kukaa foleni. Na isiishie hospitalini. Mpango shirikishi na harakishi wa chanjo ya UVIKO-19 ulionyesha njia: Tanzania ilikuwa imechanja asilimia chache tu mwanzoni mwa 2022, kisha wahudumu wakatoka kwenda sokoni, stendi, kwenye nyumba za ibada na mlango kwa mlango, na zaidi ya nusu ya walengwa wakafikiwa. Watu walikuwa walewale waliotajwa kuwa wagumu. Tofauti ni kwamba safari hii mhudumu ndiye aliyetembea, akiwa na kibebeo cha baridi begani, na sharti la umri lilitosha kusemwa kwa pumzi moja.